Mbio za Hisani na Mwisho Wake

Mtu wa shamba akiambiwa kwamba watu wa mjini wameamka alfajiri, wamevaa viatu vyepesi, wamekimbia kilomita 10 na kurejea pale pale walipoanzia, tena kwamba wamelipa fedha ili waruhusiwe kuitaabisha miili yao hivyo, yamkini atacheka. Mkulima wa bonde la Kilombero hutembea mwendo kama huo, na pengine zaidi, kwenda shambani na kurudi, wala hakuna amngojaye njiani na kikombe cha maji. Lakini akielezwa kwamba fedha zilizolipwa zimekwenda kumtibu mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, au kujenga chumba cha wazazi katika zahanati ya mlimani, kicheko chake kitapungua, na mahali pake patashikwa na swali: Je, fedha hizo zilifika? Swali hilo ni la haki, na ndilo shina la makala hii. Tutajaribu kuonyesha kwamba historia ya nchi yetu imekwisha kulijibu mara nyingi, kwa heri na kwa shari, kabla jina la mbio za hisani halijasikika.

Yafaa kwanza tujue tunazungumza habari ya kitu gani. Katika mbio za mashindano, mwisho wa jambo ni utepe. Mnamo Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, akishinda mbio za marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde moja. Kilomita 42 na ziada zilipimwa kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Mbio za hisani ni kinyume cha hayo. Mkimbiaji hulipa ada, au huwaendea jamaa na rafiki wakamwahidi kiasi fulani kwa kila kilomita atakayoimaliza. Wenye biashara huongeza juu yake. Na jumla hukabidhiwa kwa kazi iliyotangazwa tangu mwanzo. Wa kwanza na wa mwisho huleta kiasi kile kile. Mshindi wa kweli wa mbio hizo hayumo miongoni mwa wakimbiaji, na aghalabu hayupo hata uwanjani.

Tumechagua Uchindile kuwa mahali pa kusimama tukiitazama historia hii, na sababu iko katika sura ya nchi yenyewe. Uchindile ni kata ya wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro, katika upande ambao bonde linakwisha na milima inaanza. Ifakara, ulio mji mkubwa wa bonde, uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Makambako, ng'ambo ya milima, umepita mita 1,600. Uchindile iko kati ya hayo mawili, katika nchi ya vilima, makorongo na misitu ya miti ya kupandwa, na kituo chake kiko katika reli ya TAZARA baada ya Mlimba na Mpanga. Kila kitu kifikacho huko kutoka bondeni hupanda, na kila mgonjwa atafutaye hospitali kubwa ya Ifakara hushuka. Katika nchi ya namna hiyo, neno "kufika" si neno dogo.

Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wahehe, ambao ndio wenyeji wa bonde hili na kingo zake, walijua zamani thamani ya miguu ya mjumbe. Kabla ya simu na reli, habari ya msiba, ya vita au ya harusi ilisafiri kwa kasi ya mtu, wala haikuwa na njia nyingine. Serikali za kikoloni, zilipokuja, zilichukua desturi hiyo hiyo zikaipa mshahara na mfuko wa barua, na jina la tarishi likaenea. Tarishi hakusifiwa kwa wepesi wake peke yake. Mwepesi aliyepoteza barua alikuwa hasara. Mzito aliyeifikisha kavu, ingawa mito ilifurika, alikuwa mtu wa kutumainiwa. Kipimo hiki cha kale ni muhimu, nasi tutakirudia.

Mfano mkubwa wa kufikisha katika historia ya nchi zetu ni safari ya Abdullah Susi na James Chuma. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake waliweza kumzika pale pale na kwenda zao. Hapakuwa na mkubwa wa kuwaamuru, wala polisi wa kuwafuata. Wao wenyewe walikata shauri kuuchukua mwili wake mpaka pwani. Walisafiri miezi mingi, wakapata maradhi na uadui njiani, wenzao wengine wakafa, na mnamo Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Chuma aliendelea na kazi ya kuongoza misafara. Mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson uliopita nchi ya Mahenge kuelekea Ziwa Nyasa. Wazungu waliandika sana habari za maiti, na kwa muda mrefu wakaandika kidogo habari za wachukuzi. Lakini msomaji wa leo ataona kwamba ushujaa wa safari ile ulikuwa katika hiari yake. Mzigo ulikuwa wa mtu mwingine, na waliouchukua waliuchagua.

Hiari hiyo yapasa kulinganishwa na jambo lililotokea baadaye, ili tusije tukadhani kwamba kila jasho linalomwagika kwa ajili ya wengine ni hisani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya pande zote mbili yaliwakamata wanaume wa Afrika Mashariki kuwa wapagazi. Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani mpaka Oktoba 1917, ilipotwaliwa na majeshi ya Ubelgiji, na bonde la Kilombero lilikuwa njia ya vyakula na risasi. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la jeshi la wachukuzi wa Waingereza limebaki katika mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, ambako leo watu huuza vitambaa na ndizi bila kukumbuka. Wapagazi wale walikwenda mbali kuliko mkimbiaji yeyote wa marathoni, tena kwa ajili ya wengine, lakini walishurutishwa. Shuruti ikiingia, hisani hutoka.

Kuna somo la pili, nalo ni chungu zaidi, kwa sababu hapakuwa na shuruti. Mwaka 1905, kabla ya Vita vya Maji Maji kuwaka, ujumbe ulitoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale ukasambaa kwa minong'ono kutoka kijiji hata kijiji. Wajumbe walioitwa mahongo walipeleka maji ya dawa mpaka Kilombero na Mahenge. Wambunga waliyapokea, na mwezi wa Agosti mwaka ule askari wa Wajerumani walishambuliwa Ifakara na boma la Mahenge likavamiwa. Kwa kadiri ya mwendo, wajumbe wale walishinda: habari ilifika, na maji yalifika. Lakini kilichoahidiwa, yaani kwamba risasi zitageuka maji, hakikufika, na mbele ya bunduki za mzinga watu walianguka kama majani. Baada ya vita ikaja njaa iliyoua wengi kuliko vita. Hatuyasemi haya kuwahukumu wazee wetu, ambao sababu yao ilikuwa ya haki na umoja wao ulikuwa wa ajabu. Twayasema kwa kuwa yanatufundisha kwamba upesi wa miguu na usafi wa nia havitoshi. Ahadi iliyobebwa hupimwa mwisho wa njia, juu ya mwili wa aliyeiamini.

Taifa huru lilipozaliwa, lilichagua mkimbiaji kuwa mojawapo ya alama zake. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro, kwa kutimiza maneno aliyoyasema Mwalimu Nyerere mwaka 1959, kwamba nuru yake imulike hata nje ya mipaka na kupeleka tumaini palipo na kukata tamaa. Tangu 1964 Mwenge wa Uhuru ukaanza kukimbizwa nchini, na desturi hiyo imefika wilaya zote, Kilombero ikiwa miongoni mwake. Mwenge ulipopita, watu walichanga, na madarasa, zahanati na visima vikawekewa mawe ya msingi au kufunguliwa. Kama tukitafuta mzazi wa mbio za hisani katika nchi hii, basi ni huyu. Wala hatuna haja ya kuficha kwamba mzazi huyu amepata lawama pia. Imelalamikiwa mara nyingi kwamba michango mahali fulani hutozwa badala ya kuombwa, na kwamba mradi hupakwa rangi kwa ajili ya siku ya kufunguliwa kuliko kwa ajili ya miaka ifuatayo. Malalamiko hayo ni maswali yale yale mawili: ni kwa hiari, na je, ilifika?

Mwaka 1967 miguu ilipewa kazi nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwezi Februari, vijana kutoka pande mbalimbali za nchi walitembea masafa marefu kuonyesha kwamba wanaliunga mkono. Kijana mmoja, Seti Benjamin, aliyekuwa katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alifariki njiani. Jina lake likapewa shule na mitaa. Mwezi Oktoba mwaka huo Mwalimu mwenyewe alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza, maili zipatazo 138 kwa siku nane, kwenda katika mkutano mkuu wa TANU. Hapa hapakuwa na fedha iliyokusanywa. Kilichotolewa kilikuwa ushahidi: kwamba kiongozi anayewaambia watu wajitegemee anaweza kuutegemea mguu wake mwenyewe. Tofauti na mbio za hisani ni kubwa, lakini asili ni moja. Mwili umetumiwa kusema neno ambalo ulimi peke yake haukuweza kulisema kwa kuaminiwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, neno hilo lilisemwa tena mbele ya dunia nzima. John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni akaumia vibaya goti na bega. Mji ule uko juu ya mita 2,200, na wakimbiaji wengi waliacha njiani. Walianza 75 wakamaliza 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kupata dhahabu zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, giza limeingia na watu wachache wamebaki. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maelfu ya maili aanze mbio, bali azimalize. Jibu hilo limekuwa maarufu duniani kana kwamba ni jambo jipya. Kwa mtu aliyesoma habari za tarishi na za Chuma na Susi, ni sauti ya zamani: aliyetumwa hana budi kufika.

Wakati huo huo, katika nchi za mbali, mbio za hisani zenyewe zilikuwa zikizaliwa kwa sura tunayoijua leo. Tarehe 12 Aprili 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu mmoja kwa sababu ya saratani, alianza kuikimbia nchi yake kutoka bahari moja kwenda ya pili, akiomba dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa huo. Alikimbia siku 143 na kilomita 5,373. Saratani ikarudi katika mapafu, naye akasimama tarehe 1 Septemba. Alifariki mwezi Juni mwaka uliofuata. Hakuiona bahari ya pili, lakini kabla hajafa dola milioni 24 zilikuwa zimepatikana, na hesabu ya watu wa Kanada wakati ule ilikuwa karibu na hiyo. Akhwari alifika kwenye utepe, Fox hakufika, lakini wote wawili walifikisha. Ndiyo maana twasema kwamba mwisho wa mbio hizi si mahali zinapokoma hatua.

Mwaka 1981 zilianzishwa mbio za marathoni za London, ambazo baadaye zikawa mfereji mkubwa wa fedha za misaada. Na mwaka 1986 Afrika iliingia katika habari hii, lakini kwa mlango wa huzuni. Njaa ilikuwa imeiangamiza Ethiopia na Sudan. Mkimbiaji wa Sudan, Omar Khalifa, aliwasha mwenge kwa makaa ya moto wa kambi ya wenye njaa nchini mwake, akaupitisha katika miji mikuu ya Ulaya mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Tarehe 25 Mei, Siku ya Afrika, mamilioni ya watu katika miji ya mabara yote walikimbia kwa ajili ya wenye njaa. Lilikuwa jambo kubwa la ubinadamu. Lakini mwanafunzi wa historia ataona pia jinsi nafasi zilivyogawanywa: Afrika ilitoa moto, na wengine wakatoa hisani. Tangu siku hizo picha hiyo imekuwa ngumu kufutika, kwamba mkono wetu ni wa kupokea tu.

Miaka iliyofuata imeirekebisha picha hiyo kidogo. Mbio za marathoni za Kilimanjaro zilianza Moshi mwaka 2003, zikawavuta Watanzania wengi wasiokuwa wanariadha. Mwaka 2020 benki ya CRDB ilianzisha mbio zake Dar es Salaam, na fedha zake zikaelekezwa katika matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwaka huo huo benki ya NBC ilianza zake Dodoma, kwa ajili ya vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi pamoja na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Leo karani, mwalimu, askari na mama wa nyumbani hulipa ada na kujiandikisha kwa mara ya kwanza. Mtoaji na mpokeaji ni watu wa nchi moja, na hili ni badiliko ambalo mwanahistoria hapaswi kulipita bila kuliandika.

Mtu wa kwanza kufanya jambo hili hujifunza upesi kwamba mbio zake zilianza miezi mitatu kabla ya siku yake. Asiyepata kukimbia tangu shule haanzi kwa kukimbia. Huanza kwa kutembea, akitia ndani yake dakika moja ya mbio, kisha mbili, kisha tano, siku tatu au nne katika juma. Kasi ifaayo ni ile inayomwacha aweze kuzungumza. Moyo na mapafu hupata nguvu katika majuma machache, lakini mishipa ya kano na mifupa hukawia. Kwa hiyo, katika juma la tatu au la nne, mtu anapojiona hodari, ndipo muundi humuuma, na asiposikia huumia kwa muda mrefu. Mapumziko ni sehemu ya kazi, maana mwili hujengeka mtu alalapo. Mwenda pole hajikwai, akijikwaa haanguki: wahenga hawakuwa walimu wa riadha, lakini hakuna mwalimu wa riadha atakayewapinga hapa.

Nchi nayo ina masharti yake. Ifakara hana budi mtu kukimbia kabla ya jua, kwa sababu joto la bonde na unyevu wake huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka haliupoozi mwili. Uchindile hewa ni ya ubaridi, lakini njia haina tambarare. Wageni huogopa mlima wa kupanda. Wenyeji wajua kwamba mteremko ndio unaovunja mapaja, kwa sababu msuli hulazimika kujinyoosha huku ukizuia uzito. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, udongo huteleza. Zaidi ya hayo, Kilombero tangu zamani ni nchi ya malaria, na mtu aliyetoka kuugua huwa na upungufu wa damu. Kumhimiza akimbie ni kumdhulumu. Lakini vijana wa huko wana akiba ambayo mtu wa ofisini hana: miguu iliyofundishwa na shamba, na pumzi iliyofundishwa na kilima. Wakikosa kitu, aghalabu ni chakula cha kutosha na viatu, wala si uwezo.

Malaria hiyo hiyo yatupa mfano wa mwisho, na huu si wa mbio. Ifakara imekuwa na kituo cha utafiti tangu miaka ya 1950, kilichoanzishwa na taasisi ya Uswisi ya maradhi ya nchi za joto, na ambacho leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifanywa hapo mradi wa kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Vyandarua viliuzwa kwa bei nafuu, kwa jina ambalo kila mtu alilielewa: Zuia Mbu. Wenye kazi ile hawakuridhika kuhesabu vyandarua vilivyotoka ghalani. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba, mwaka hata mwaka, wakiandika nani amezaliwa na nani amekufa. Matokeo yaliyotangazwa 2001 yalionyesha kwamba kunusurika kwa watoto wenye umri wa mwezi mmoja mpaka miaka minne kulihusishwa na matumizi ya vyandarua hivyo kwa ongezeko la asilimia 27. Hapo swali la mkulima lilipata jibu lenye tarakimu. Msaada ulihesabiwa mahali ulipofikia, wala haukuhesabiwa mahali ulipotokea.

Sasa twaweza kukusanya tuliyoyapata. Mbio za hisani ni jambo jema zikitimiza masharti ambayo historia yetu imeyalipia kwa gharama kubwa. Sharti la kwanza ni hiari. Wapagazi wa Kariakoo ni mashahidi wake. La pili ni ukweli wa ahadi. Mashahidi wake wamelala chini ya boma la Mahenge. La tatu ni kufikisha, na kufikisha kwa hesabu: kiasi gani kimepatikana, kiasi gani kimeliwa na fulana, jukwaa na muziki, na kiasi gani kimegeuka kuwa dawa, bati au kitanda. Hesabu hiyo yapasa isomwe pale kijijini, kwa sauti, mbele ya wale ambao kwa jina lao fedha ziliombwa.

Twaongeza la nne, ambalo ndilo gumu. Yafaa wapokeaji wawe miongoni mwa wakimbiaji. Tuseme mbio zimekimbiwa Dar es Salaam kwa ajili ya zahanati ya milimani, na Uchindile ikatajwa katika tangazo tu. Basi Uchindile imefanywa picha. Lakini tuseme siku hiyo hiyo vijana wa Uchindile wamekimbia kutoka kituo cha reli mpaka shuleni, kila mmoja akileta tofali, debe la mchanga au shilingi mia tano. Basi pande mbili zimekutana, na aliyeko mjini hawezi tena kudhani kwamba yeye peke yake ndiye mtoaji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tofali la mtu asiye na viatu ni zito katika mizani kuliko ada ya mtu aliyelipiwa na kampuni yake.

Huenda msomaji akasema kwamba twaitwika michezo mzigo mkubwa mno, na kwamba mtu akikimbia asubuhi moja kwa furaha na kutoa shilingi zake hapaswi kuulizwa maswali ya Maji Maji. Hoja hii ina uzito. Furaha ni sehemu ya hisani, na watu wasiofurahi hawarudi mwaka wa pili. Hata hivyo reli inayopita Uchindile yatufundisha kwamba furaha ya siku moja haitoshi. TAZARA ilijengwa tangu 1970 mpaka 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kipande cha Mlimba mpaka Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote, kwa mahandaki na madaraja yake, na Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ya reli nzima, pamoja na Waafrika. Siku ya kukabidhi ilikuwa ya shangwe. Lakini miongo iliyofuata imeonyesha kwamba kitu kilichopatikana kwa jasho kubwa namna hiyo huchakaa kikikosa matunzo, na abiria wa Uchindile ndiye anayeyajua machelewo ya treni kuliko waliopiga makofi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbio za hisani zisizofuatwa na matunzo zina ukingo wao pia, nao ni mlango wa zahanati uliofungwa kwa kukosa mganga.

Basi anayejiandaa kwa mbio zake za kwanza za hisani asikatishwe tamaa na yote tuliyoyasema. Aamke mapema, atembee, akimbie kidogo, apumzike, aongeze. Asione haya kuwa wa mwisho, kwa maana katika mbio hizi wa mwisho hakupunguza chochote. Ila akisha kuvuka utepe, na medali ya bati ikining'inia shingoni, ajue kwamba yeye sasa ni tarishi aliyepokea barua. Baada ya miezi sita aulize: nyumba ile imejengwa? Mtoto yule amepasuliwa? Nani ameona? Akipata jibu, na awapelekee wote waliomwahidi fedha, kama apelekavyo mtu stakabadhi. Asipopata jibu, aulize tena, kwa adabu lakini bila kuchoka. Pumzi ya kuuliza nayo hutaka mazoezi, na mzee wa Uchindile anayesimama kituoni akingoja treni ya kumpeleka mkewe Ifakara angependa kujua kwamba kuna mtu, mahali fulani, ambaye pumzi hiyo bado anayo.